Ugonjwa Ukiingia Nyumbani, Tunamtafuta Nani?

Kila mmoja wetu amekaa kwenye matanga ambako maneno yalianza kabla ya maziko. Mtu ameugua siku nne, amefariki. Wanawake wako jikoni wanapika, wanaume wako nje kwenye viti, na swali linazunguka kwa sauti ya chini: nani amemfanyia hivi? Hakuna anayeuliza marehemu alikunywa maji gani, wala alipelekwa kituo cha afya siku ya ngapi. Ikifika jioni, jina limepatikana. Mara nyingi ni jina la mwanamke: mjane mwenyewe, nyanya mzee anayeishi peke yake, mke wa pili, jirani asiye na mtoto. Mara nyingine ni jina la mtoto mdogo.

Juma hili tunaandika juu ya swali hilo. Ni swali la zamani sana, na si letu peke yetu. Mataifa mengi yameliuliza magonjwa makubwa yalipowafikia, na majibu waliyojipa yamebadilisha sheria zao, desturi zao za kuzika, hata namna ya kuishi na majirani. Tukijua yaliyowapata wengine, na yaliyotupata sisi wenyewe hapa Kongo, tutakuwa tayari zaidi ugonjwa mwingine utakapobisha hodi.

Ulaya nao walitafuta wa kulaumu

Wengine hufikiri kwamba kumtafuta mlozi ni jambo la Waafrika tu. Si kweli. Mwaka 1347, merikebu za wafanyabiashara zilitia nanga Messina, katika kisiwa cha Sicily, zikiwa na wagonjwa wa tauni. Katika miaka kama mitano, tauni iliua karibu theluthi moja ya watu wa Ulaya, na wataalamu wengi wanasema ni zaidi ya hapo. Wakati ule hakuna aliyejua habari za vijidudu, wala kwamba viroboto vya panya vinaweza kuleta kifo.

Wengine walisema ni hasira ya Mungu, wakatembea mji kwa mji wakijichapa fimbo hadharani ili wasamehewe. Wengine walisema Wayahudi wametia sumu visimani. Tarehe 14 Februari 1349, katika mji wa Strasbourg ambao leo uko Ufaransa, mamia ya Wayahudi walichomwa moto. Siku ile tauni ilikuwa haijafika bado Strasbourg. Watu waliuawa kwa ajili ya ugonjwa ambao mji haukuwa nao. Miezi michache baadaye tauni ikafika vilevile, ikaua waliowasha moto na waliotazama.

Papa Clement wa 6 alikuwa ameandika tangu 1348 kwamba shtaka lile ni uongo. Alitoa sababu nyepesi ambayo hata sisi tungeweza kuitumia kwenye matanga: Wayahudi wenyewe wanakufa kwa ugonjwa huohuo, tena ugonjwa unaua hata mahali ambako hakuna Myahudi. Wengi hawakumsikiliza.

Lakini hofu ileile ilizaa pia jambo jema. Mwaka 1377, mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru kila anayetoka mahali penye tauni akae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa 40 katika miji mingine. Katika Kiitaliano 40 ni "quaranta", na ndilo neno lililotupatia karantini. Miji ile haikujua tauni inatoka wapi. Iliangalia tu jinsi inavyosafiri, ikafunga njia yake.

Pasta aliyegonga milango

Miaka 500 baadaye, London, mji mkubwa kuliko yote ya Ulaya, ulikuwa unasumbuliwa na kolera. Wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa yenye kunuka. Daktari mmoja, John Snow, alifikiri ni maji, lakini wachache walimwamini.

Mwaka 1854, kolera iliua watu zaidi ya 600 katika kartie moja ya mji huo, karibu na barabara iliyoitwa Broad Street. Snow alikwenda kuuliza kwenye nyumba za waliokufa: mlikuwa mnateka maji wapi? Karibu wote walitaja bomba moja. Aliomba wakubwa wa mtaa waondoe mkono wa bomba lile, wakauondoa.

Pasta wa mahali hapo, Henry Whitehead, hakukubali maneno ya Snow. Alianza kuchunguza mwenyewe ili aonyeshe kwamba daktari amekosea. Lakini yeye aliwajua watu wale, aliingia nyumbani mwao, walimfungulia mlango. Akakuta kwamba aliyeugua mapema, kabla ya wengine, alikuwa mtoto mchanga katika nyumba namba 40. Mama yake alifua vitambaa vya mtoto na kumwaga maji katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo hilo lilikuwa limebomoka ndani, likavujia kwenye kisima cha bomba, hatua chache tu kutoka pale.

Tuone vizuri, wamama. Kama swali lingekuwa "nani ameleta kifo hiki?", jibu lingekuwa yule mama, ambaye tayari alikuwa amempoteza mtoto. Kwa sababu waliuliza "maji yanapita wapi?", jibu likawa shimo bovu. Shimo linaweza kujengwa upya. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu na Tanganyika tunaijua kolera. Tunakumbuka Goma mwezi wa 7, 1994, wakati wakimbizi wengi kutoka Rwanda walipovuka mpaka, na makumi ya maelfu wakafa katika majuma machache, wengi wao kwa kolera. Maji safi ndiyo yaliyokosekana.

Malale: dawa iliyokuja pamoja na askari

Sasa turudi nyumbani. Mwanzoni mwa karne iliyopita, malale, yaani ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, uliua watu wengi sana katika Kongo. Upande wa Uganda, kando ya Ziwa Victoria, watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache tu. Watu wetu walikuwa wanaujua ugonjwa huo tangu zamani. Lakini mambo ya wakati ule yaliuzidisha: watu walikimbia kazi za kulazimishwa za mpira, wengine walichukuliwa mbali kubeba mizigo, vijiji vilivunjika, njaa ikaingia.

Mwaka 1903 mfalme Leopold aliita wataalamu kutoka Liverpool, Uingereza, waje kuchunguza. Mmoja wao, Joseph Dutton, alifia Kasongo, katika Maniema, mwaka 1905, kwa homa nyingine inayoletwa na kupe. Walifanya kazi ya kweli. Lakini tuangalie jinsi kazi ile ilivyoonekana na mama wa kijijini.

Waliokuja kumpima mtoto wake walikuja pamoja na askari, askari walewale waliokuja kudai mpira. Walimshika mtu shingo kutafuta uvimbe. Aliyekuwa na uvimbe alichukuliwa kambini, mbali na jamaa zake. Kambi kama ile ya Ibembo, upande wa Uele. Wengi waliokwenda hawakurudi, kwa sababu dawa ya kweli haikuwapo bado. Dawa ya kwanza, iliyoitwa atoksili, ilikuwa na sumu ndani yake, na baadhi ya wagonjwa ilipofusha macho. Kisha waliingiza sindano ndefu katika uti wa mgongo kuchota maji. Baadaye, katika sehemu zenye ugonjwa, mtu hakuruhusiwa kusafiri bila karatasi ya daktari, na vijiji vingine vilihamishwa kwa amri.

Mama aliyemficha mtoto wake porini siku ya kupimwa, je, alikuwa mjinga? Tunasema "mficha ugonjwa, kifo humuumbua", na methali ni ya kweli. Lakini mama yule aliona aliyejionyesha anachukuliwa, na aliyejificha anabaki. Aliamini macho yake. Katika nyakati hizohizo za wakoloni zilienea habari za watu wanaokamata wengine usiku: Katanga waliwaita batumbula, pwani ya Afrika Mashariki waliwaita mumiani, na walisemwa kwamba wanachukua damu. Habari hizo hazikuwa kweli jinsi zilivyosimuliwa. Lakini zilitoka kwa watu walioshikwa kwa nguvu na kuchomwa sindano bila kuelezwa neno.

Hata hivyo malale ilirudi nyuma. Mwaka 1920 mwanamke mmoja daktari, Louise Pearce kutoka Marekani, alikuja mpaka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kujaribu dawa bora zaidi. Vipimo vya kijiji kwa kijiji vikaendelea miaka mingi. Vita na kukosekana kwa pesa vilipokatiza kazi hiyo, ugonjwa ukaamka tena. Mwaka 1998 karibu wagonjwa 40,000 waliandikwa Afrika. Leo wanaoandikwa kwa mwaka hawafiki 1,000. Na tangu mwisho wa 2018 kuna vidonge vya kumeza tu, vinavyoitwa feksinidazoli, vilivyojaribiwa hapa kwetu na Wakongo wenyewe wakiongozwa na daktari Victor Kande. Mgonjwa wengi sasa anapona bila sindano ya mgongo na bila kutengwa na jamaa. Watu wanakubali kupimwa kwa urahisi zaidi, maana hakuna tena la kukimbia.

Yambuku: sindano ya wamama wenye mimba

Mwaka 1976, katika kijiji cha Yambuku, upande wa kaskazini, ulizuka ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola, kwa jina la mto. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Wengi wa wagonjwa wa kwanza walikuwa wamepita katika hospitali ya misioni, na wengi kati yao walikuwa wamama wenye mimba waliokwenda kupimwa. Hospitali ilikuwa na sindano tano tu kwa siku nzima, zikisuuzwa kwa maji kati ya mtu na mtu. Masista waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya, nao walikufa. Lakini ukweli ni kwamba mama alikwenda kutafuta uzima, akapewa kifo kwa sindano.

Watu wa vijiji vile walifanya nini? Waliacha kwenda hospitalini, na wazee wakafunga njia kuingia na kutoka vijijini, kama walivyofanya babu zao wakati wa ndui. Mambo hayo mawili yalisaidia sana kuzima ugonjwa, hata kabla wageni hawajajua ni kirusi gani. Nchini Uganda, Ebola ilipofika Gulu mwaka 2000, wataalamu waliwasikiliza Wacholi na kukuta wana desturi kama hiyo: mgonjwa akae katika nyumba yake peke yake, mlangoni kuwe na alama, ahudumiwe na mtu aliyekwisha kupona ugonjwa huo, wenye mimba na watoto wasikaribie, ngoma na mikutano isimame. Sheria hizo nyanya zetu hawakuzisoma katika kitabu. Magonjwa yaliyopita ndiyo yaliyowafundisha.

Beni na Butembo: "Mbona mmekuja leo?"

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ikianzia upande wa Mangina. Wengi wetu tuna ndugu huko, na tunakumbuka. Tangu 2014 watu wa Beni walikuwa wanauawa kwa mapanga usiku. Walilia, hawakuona msaada mkubwa. Halafu kwa ajili ya Ebola wakaona magari mapya, mishahara mikubwa, wageni, na askari wakisindikiza timu za wauguzi. Mama mwenye kuzika watoto wake kwa vita aliuliza swali la haki kabisa: mbona kwa ugonjwa huu mmekuja, na kwa vifo vile hamkuja?

Mwezi Desemba mwaka uleule, siku chache kabla ya uchaguzi, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura kwa sababu ya Ebola na usalama. Kesho yake watu wa Beni waliandamana, na kituo kimoja cha wagonjwa kikashambuliwa. Mwezi Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa moto. Mwezi Aprili daktari mmoja Mkameruni aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Wengi walisema Ebola ni biashara, au ni siasa. Na waliosema hivyo waliendelea kufa, kwa sababu kirusi hakijali tunasadiki nini. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa.

Wamama waliumia zaidi, kwa sababu ni sisi tunaolaza mgonjwa, tunaofua matandiko, tunaoosha maiti. Mwanzoni wenye mimba na wanaonyonyesha hawakupewa hata chanjo. Mpango huo ulibadilishwa katika 2019.

Ni nini kilichogeuza mambo? Chanjo ilifanya kazi kubwa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Dawa mbili zilizoonyesha nguvu zilipatikana, na moja kati yake ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo daktari wetu Jean-Jacques Muyembe alishiriki tangu mwanzo. Lakini chanjo na dawa haziingii katika nyumba iliyofungwa. Milango ilifunguka pale mambo madogo yalipobadilika: familia ziliruhusiwa kumwona mgonjwa wao kupitia kuta za plastiki inayoonyesha ndani, zikazungumza naye. Jamaa waliruhusiwa kusimama kwenye maziko na kusali. Na wamama waliopona, ambao mwili wao ulikuwa na kinga, waliajiriwa kubeba na kulisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mama akijua kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa mama mwenzake kutoka kartie yake, hawezi kusema tena kwamba pale ni mahali pa kuuza viungo vya watu.

Tuchukue nini kutoka katika haya yote?

Jambo la kwanza: swali la "nani" huua, swali la "nini" huokoa. Mwanamke aliyeitwa mlozi akifukuzwa, ugonjwa unabaki katika maji, katika mbu, katika kitanda. Tena aliyesingiziwa hawezi kusema akiugua, na familia yake huficha wagonjwa wake. Mwaka 2024 mpox ilipokuwa inaenea kutoka Kamituga, wa kwanza kunyooshewa kidole walikuwa wanawake wanaojitafutia riziki kwa kuuza mwili. Aliyeonewa haya alikaa na vidonda nyumbani, na ugonjwa ukapata nafasi.

Jambo la pili: tusimcheke mwenye kuogopa. Nyuma ya uvumi mwingi kuna jeraha la kweli. Jirani akikataa chanjo, tusianze na kumwita mjinga. Tumwulize: uliona nini? Ulifanyiwa nini? Akishasema, naye atasikiliza.

Jambo la tatu: sheria iko upande wetu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu mwenye kumshtaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda wanaoishi na virusi vya ukimwi wasitengwe wala kudharauliwa. Viongozi wa vikundi wazijue, wazitaje mbele ya chefu wa kartie na mbele ya mchungaji pale jina la mtu linapoanza kutajwatajwa.

Jambo la nne: kwenye matanga, sisi ndio tuko jikoni. Maneno mengi huanzia pale, au huzimikia pale. Mama mmoja akisema kwa upole, "Tumwache mjane alie kwanza, tuulize hospitali walisema nini," wengine wawili watakubali. Inatosha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Juma hili, baada ya likelemba au baada ya sala, kaeni dakika 20 mzungumze haya:

1. Katika familia yenu, kuna mtu aliyewahi kusingiziwa ugonjwa au kifo? Yuko wapi leo, na watoto wake wanaishije?

2. Nyanya zetu walifanya nini ndui au surua ilipoingia kijijini? Desturi ipi tungeweza kuirudisha?

3. Katika avenue yetu, watu wanaogopa nini hasa kwenye kituo cha afya: bei, maneno makali, sindano, au jambo lililotokea zamani? Nani kati yetu anaweza kwenda kumwambia muuguzi mkubwa?

4. Maji tunayokunywa yanatoka wapi, na choo kilicho karibu kiko umbali gani?

Mwenye kumbukumbu ya mzee juu ya malale au ndui, atuletee siku ya mkutano. Wazee wanaondoka, na yale waliyojifunza kwa machozi hatupaswi kuyazika pamoja nao.